Yaliyopita na Haki ya Kuyaandika Upya

Git ni programu ya kutunza matoleo ya kazi. Linus Torvalds aliianza Aprili 2005, baada ya watengenezaji wa Linux kunyimwa ruhusa ya kuendelea kutumia programu ya BitKeeper bila malipo, na leo hutumiwa na waandishi wa programu karibu kila mahali, kuanzia Nairobi na Dar es Salaam hadi ofisi za Rohero mjini Bujumbura. Mtu anapomaliza kipande cha kazi hukihifadhi pamoja na jina lake, saa na maelezo mafupi. Hifadhi moja ya namna hiyo huitwa komiti. Komiti hufuatana, kila moja ikiitaja iliyoitangulia, na mfululizo wake ndio historia ya kazi. Historia hiyo Git huruhusu iandikwe upya: ujumbe ubadilishwe, faili liondolewe tangu siku lilipoingia, komiti tano zifanywe moja, mpangilio wake ugeuzwe. Wanaoanza kutumia amri hizo hupigwa na butwaa. Kilichofutwa hurudi, kazi ya mwenzao huonekana mara mbili, tarehe huvurugika. Chanzo cha mshangao huo si hitilafu ya programu. Ni imani ya mtumiaji kwamba yaliyopita yanaweza kubadilishwa, imani ambayo wanafalsafa na wanatheolojia wameijadili tangu kabla ya Kristo, na ambayo nchini Burundi imegusa mashamba, nyumba na makaburi.

Komiti ikifunguliwa huonekana kuwa maandishi machache tu. Mstari wa kwanza huanza na neno tree, likifuatwa na heshi ya mafaili yote kama yalivyokuwa saa ile. Mstari wa pili huanza na parent na hubeba heshi ya komiti mzazi. Kisha huja author, yaani aliyeandika kazi, na committer, yaani aliyeiingiza katika hazina, ghala la komiti zote, kila mmoja na saa yake. Hufuata mstari mtupu, halafu ujumbe. Maandishi hayo yote hupitishwa katika kanuni ya hesabu iitwayo SHA-1, na jibu lake, yaani heshi, lenye herufi na tarakimu 40 ndilo jina la komiti. Haina jina lingine. Nukta moja ikiongezwa katika ujumbe, au saa ikisogezwa kwa sekunde moja, jibu huwa jingine kabisa. Na kwa kuwa heshi ya mzazi imo ndani ya mwili wa mtoto, mzazi akibadilika mtoto hawezi kubaki na jina lake, wala mjukuu, wala kitukuu, hadi komiti iliyoandikwa leo asubuhi. Februari 2017 watafiti wa taasisi ya CWI ya Amsterdam na wa Google walionyesha kwamba maandishi mawili tofauti yanaweza kulazimishwa kupata heshi moja ya SHA-1, ndiyo maana Git imeandaliwa kutumia pia kanuni yenye nguvu zaidi ya SHA-256. Lakini msingi wa jambo ni uleule.

Kwa hiyo hakuna amri hata moja ya Git inayobadilisha komiti. Amri ya commit --amend, ambayo wengi hudhani husahihisha komiti ya mwisho, huandika komiti nyingine inayofanana nayo, kisha hulichukua jina la tawi na kulielekeza kwenye hiyo mpya. Amri ya rebase hufanya vivyo hivyo kwa komiti nyingi mfululizo. Ile ya zamani iko palepale, nzima, na heshi yake, ila hakuna tawi linaloielekea tena. Tawi lenyewe ni jina tu, faili dogo lenye heshi moja ndani yake. Kuandika historia upya ni kuandika historia ya pili kando ya ile ya kwanza, kisha kuhamisha jina.

Jambo hilo moja likishikwa, mengi yanayoshangaza hueleweka. Lebo ya toleo iliyobandikwa mwaka jana hubaki kwenye komiti ya zamani, kwa sababu hakuna aliyeihamisha. Sahihi ya kidijitali aliyoweka mwandishi hupotea, maana ilikuwa sahihi ya maandishi mengine. Tarehe huonekana kurudi nyuma na kwenda mbele: rebase huhifadhi saa ya author lakini huandika saa mpya ya committer, na orodha ya kawaida ya komiti huonyesha ile ya kwanza. Mahali ambapo matawi mawili yaliungana hunyooshwa kuwa mstari mmoja, kwani rebase isipoambiwa vingine huziacha komiti za muungano.

Kisa kizito kuliko vyote ni cha watu wawili. Mmoja yuko mtaa wa Bwiza mjini Bujumbura, mwenzake mtaa wa Kinindo, na kila mmoja ana nakala kamili ya hazina. Katika Git mfanyakazi hubeba historia nzima, si kipande chake. Wa Bwiza anagundua kwamba komiti ya pili kati ya tatu iliingiza kwa makosa faili lenye neno la siri la kumbukumbu za wateja. Anaiandika upya bila faili hilo, komiti ya tatu nayo inazaliwa upya juu yake, kisha anaisukuma kwenye seva kwa nguvu kwa amri ya push --force. Seva imesafika. Wakati huo wa Kinindo hana mtandao tangu asubuhi, umeme umekatika, naye ameendelea kufanya kazi kwa betri juu ya komiti ya tatu ya zamani. Mtandao unaporudi anavuta yaliyo mapya na kuiambia Git iunganishe. Git inatafuta babu wa pamoja na kumkuta kwenye komiti ya kwanza. Kutoka hapo inaona kwamba upande mmoja umeongeza faili, na upande mwingine hauna neno lolote juu ya faili hilo. Hakuna mgongano wa kuuliza. Faili linarudi kimyakimya na neno la siri ndani yake, na komiti ya pili na ya tatu sasa zipo mara mbili, za zamani na mpya, zikiwa na ujumbe uleule na mwandishi yuleyule. Wa Kinindo anasukuma, seva inapokea yote. Hakukosea hatua hata moja.

Inafaa kutua hapa, kwa sababu ndani ya tukio hilo dogo ndimo ulimo uzito wa suala zima. Kama wa Bwiza angelifuta faili kwa komiti ya kawaida, yaani komiti ya nne isemayo kwamba faili hili limeondolewa, Git ingeuona uamuzi wa kuliondoa na kuuheshimu wakati wa kuunganisha. Faili lisingerudi. Aliandika badala yake historia ambamo faili halikuwahi kuwepo, na kwa kufanya hivyo hakuacha uamuzi wowote wa kuheshimiwa. Kilichokataliwa waziwazi hubaki kimekataliwa. Kilichofanywa kana kwamba hakikutokea hakijakataliwa na mtu yeyote, hivyo hakuna kinachokizuia kurudi.

Wanafalsafa walilifikia jambo hili kwa njia nyingine. Aristotle, katika kitabu cha sita cha Maadili kwa Nikomako, anamtaja mshairi Agathon kuwa alisema vema kwamba hata Mungu amenyimwa uwezo mmoja tu, wa kulifanya lililokwisha kutendeka lisiwe limetendeka. Maneno hayo hayakuwatosha Wakristo walioamini katika uweza usio na mpaka. Katika karne ya 11 Petro Damiani aliandika barua ndefu kwa Desiderio, abate wa Monte Cassino, akijadili kama Mungu anaweza kumrudishia ubikira aliyeupoteza. Damiani aliona ni hatari kusema kwamba kuna jambo Mungu hawezi, akajibu kwamba kwa Mungu hakuna jana wala kesho, yote yapo mbele yake kwa pamoja. Thomas wa Akwino, karne mbili baadaye, alikata shauri kwa utulivu zaidi. Kufanya lililopita lisiwe limekuwapo ni maneno yanayojipinga yenyewe, na kisichoweza kuwa hakiupunguzii uweza wa Mungu kitu. Akaongeza ufafanuzi ambao ndio wenye faida hapa: Mungu anaweza kuuondoa uharibifu wote wa nafsi na mwili kwa aliyeanguka, lakini hawezi kuliondoa lile la kwamba alianguka, anaweza kumwondolea mkosaji hatia yake, lakini haitakuwa kweli kamwe kwamba hakukosa.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya komiti ya nne na push --force. Msamaha ni tendo jipya linaloongezwa juu ya yaliyotendeka, na nguvu yake inatokana na kuyataja. Wanaoungama dhambi zao kwa padri siku ya Jumamosi hawaombi jambo lifanywe lisiwe limetokea. Wanalitamka, ndipo linapoondolewa. Katika Uislamu, ambao una mizizi ya siku nyingi katika mitaa ya Buyenzi na Bwiza pamoja na Kiswahili chenyewe, Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliijenga toba juu ya mambo matatu yanayofuatana: kulijua kosa, kulijutia, kisha kuazimia na kutenda kinyume chake. Kujua kunatangulia. Anayeanza kwa kukana hana pa kupanda majuto yake.

Wanazuoni wa Kiislamu wana hazina nyingine ya fikra juu ya suala hili, na ni ajabu kwamba waandishi wa programu hawajaichota. Elimu ya Hadithi imejengwa juu ya isnadi, mnyororo wa wapokezi: fulani alisikia kwa fulani, naye kwa fulani, hadi kwa Mtume. Uzito wa habari hutegemea kila pete ya mnyororo huo, kama jina la komiti linavyotegemea wazazi wake wote. Wanazuoni hawakuogopa tu uongo wa wazi. Walilipatia jina kosa la mpokezi anayesimulia kwa namna ya kumfanya msikilizaji adhani alisikia kwa mtu ambaye kwa kweli hakumsikia. Kosa hilo ni tadlisi. Shu'ba ibn al-Hajjaj wa Basra, aliyefariki mwaka 160 wa Hijria, alilichukia kiasi cha kuliweka bega kwa bega na uongo, ingawa matini yenyewe huenda ikawa sahihi neno kwa neno.

Rebase ina hatari hiyohiyo, na ni miongoni mwa zile zisizoonekana upesi. Mtu aliandika komiti yake Jumatatu juu ya msingi fulani, akaijaribu, ikafanya kazi. Ijumaa mwenzake anaihamishia juu ya msingi mwingine. Komiti mpya ina jina la mwandishi yuleyule na saa ileile ya Jumatatu, lakini mzazi anayetajwa ndani yake ni kazi ambayo mwandishi hakuiona na ambayo Jumatatu haikuwepo. Programu ikivunjika hapo, historia inasema aliyeivunja ni yeye. Pengine hali hiyo ya katikati, kati ya komiti moja na nyingine, haikuwahi kuwa mbele ya macho ya binadamu yeyote wala kujaribiwa kwenye kompyuta yoyote; imetungwa na amri. Maneno ni ya kweli, pete ya mnyororo si ya kweli. Committer na saa yake ya pili vimewekwa ili msomaji makini alitambue jambo hilo, lakini orodha ya kawaida haivionyeshi, na wachache huuliza.

Je, basi kuandika upya ni haramu daima? Hapana, na hapa al-Ghazali anafaa tena. Yeye na wanafiqhi kwa jumla hutenganisha haki za Mungu na haki za waja. Kosa lililo kati ya mtu na Mola wake huisha kwa toba ya kweli. Kosa lililomgusa mtu mwingine haliishi kwa machozi ya mkosaji peke yake: mali irudishwe, mwenyewe aombwe radhi, na bila hivyo toba ina kasoro. Mpaka huo ndio mpaka sahihi katika Git. Komiti ambazo bado zimo kwenye kompyuta ya mwandishi pekee ni rasimu yake. Azipange, azikate, azifute apendavyo. Hakuna aliyejenga juu yake na hakuna anayedanganywa. Zikishasukumwa na mwingine akazivuta, zimekuwa kitu ambacho mtu mwingine amekiegemea. Kuanzia hapo kuziandika upya ni kumnyang'anya aliyezipokea msingi aliosimama juu yake, hata kama msingi mpya ni bora. Waandishi wa programu wamelifanya hilo kuwa kanuni ya adabu: kisafishwe kilicho cha faragha, kisiguswe kilichotangazwa. Sababu yake ni ya haki za watu kabla ya kuwa ya ufundi.

Burundi imeliishi suala hili kwa gharama isiyolinganishika na ya kompyuta. Uasi ulioanza tarehe 29 Aprili 1972 kusini mwa nchi, maeneo ya Rumonge na Nyanza-Lac, uliua Watutsi wengi. Serikali ya Michel Micombero ilijibu kwa mauaji ya Wahutu yaliyoendelea kwa miezi na kuwalenga hasa waliosoma. Makadirio ya waliouawa huanzia 100,000 na kufika 300,000. Mamia ya maelfu walikimbia, wengi wao hadi Tanzania, katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Ardhi yao ya Rumonge na Nyanza-Lac, yenye michikichi na rutuba ya ufukwe wa Tanganyika, ilikaliwa na wengine, baadhi wakiipata mikononi mwa dola yenyewe. Waliopata walijenga, wakazaa, wakauza vipande, wakazika wazee wao. Sheria ya ardhi ikatambua umiliki wa aliyekalia shamba kwa miaka 30. Familia zilizorejea katika miaka ya 2000 zilikuta watoto wa watu wengine wamezaliwa na kuoana juu ya shamba la babu yao.

Mkataba wa amani wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 uliweka kanuni njema: mkimbizi arudishiwe mali yake, hasa ardhi, na pale isipowezekana alipwe fidia ya haki. Mwaka 2006 iliundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, maarufu kwa herufi zake za Kifaransa, CNTB. Chini ya uongozi wa padri Astère Kana, tume ilihimiza mapatano. Mara nyingi shamba liligawanywa kati ya aliyerejea na aliyelikuta. Kuanzia 2011, chini ya Monsinyori Sérapion Bambonanire, mwelekeo uligeuka: mali yote irudi kwa mwenyewe wa kwanza, na mafaili yaliyokwisha kufungwa kwa mapatano yakafunguliwa tena. Mei 2013, mtaani Ngagara mjini Bujumbura, polisi walipofika kutekeleza uamuzi wa tume na kuitoa familia katika nyumba yake, wakazi walijitokeza kuwazuia na mtaa ukachafuka.

Haki ya aliyefukuzwa mwaka 1972 haikuyeyuka kwa kupita miaka, na dhuluma haiwi halali kwa kuzoeleka. Hilo lisemwe bila kumung'unya maneno. Lakini aliyenunua nyumba kwa nia njema baada ya miaka 20, kwa karatasi zenye muhuri wa serikali, naye ni mpokeaji. Kurudisha kila kitu kwenye hali ya Aprili 1972 ni kuandika kana kwamba yaliyofuata hayakuwepo, na yaliyofuata yalikuwa maisha ya watu. Fidia iliyotajwa Arusha ndiyo iliyokuwa komiti ya nne: inayataja yote, dhuluma ya kwanza na nia njema ya baadaye, kisha inaongeza tendo jipya juu yake. Tatizo la fidia ni kwamba inahitaji fedha, na hazina ya Burundi haikuwa nazo. Kuandika upya huwa rahisi kwa mwenye nguvu kwa sababu gharama yake huwaangukia wengine. Hilo ni kweli Ngagara, na ni kweli kwenye seva.

Kumbukumbu ya vifo ilipitia njia ngumu zaidi ya ile ya ardhi. Kwa miaka mingi mauaji ya 1972 hayakuzungumzwa hadharani. Wajane hawakuruhusiwa kuomboleza, na makaburi ya pamoja hayakuwa na alama. Katika historia rasmi hayakuwepo. Yalibaki majumbani, kila familia na nakala yake, ikiisimulia kwa sauti ya chini. Git ina mpangilio unaofanana na huo kwa namna ya kushtua: daftari la kila hatua ya tawi, reflog, hutunzwa kwenye kompyuta za wafanyakazi, lakini kwa kawaida seva ya pamoja haitunzi daftari hilo. Kinachohamishwa jina kwenye seva hukumbukwa pembezoni. Na kwa kuwa dola haikuyakiri mauaji yale, haikuyakataa pia. Hapakuwa na tamko lolote ambalo kizazi kilichofuata kingeweza kulishika na kusema kwamba mambo haya yalikataliwa. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa na wanajeshi, na katika visasi vilivyofuata Watutsi wakauawa kwa maelfu vilimani. Tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa, katika ripoti ya mwaka 1996, ilisema vitendo vya mauaji ya kimbari vilifanyika dhidi yao. Si kwamba ukimya wa 1972 peke yake uliyazaa ya 1993. Hata hivyo kilichofunikwa kilirudi bila kukutana na kizuizi chochote.

Tume ya Ukweli na Maridhiano, CVR, iliwekewa sheria Mei 2014, ikipewa kipindi cha tangu uhuru wa 1 Julai 1962 hadi 4 Desemba 2008. Sheria ya 2018 iliurudisha mwanzo nyuma hadi 26 Februari 1885, siku ulipofungwa mkutano wa Berlin. Mwanzoni mwa 2020 mabaki ya watu zaidi ya 6,000 yalifukuliwa katika makaburi ya pamoja mkoani Karusi, karibu na Mto Ruvubu, na Desemba 2021 tume ilitangaza kwamba yaliyofanyika 1972 yalikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wahutu.

Kuusogeza mwanzo nyuma si kosa lenyewe. Historia ya Linux ndani ya Git huanza Aprili 2005 na toleo la 2.6.12-rc2, ilhali Linux ilianza 1991. Miaka ile ya awali imewekwa katika hazina ya pekee, na anayeitaka anaweza kuiunganisha chini ya mzizi kwa amri ya replace, bila heshi hata moja ya baadaye kuguswa. Ukoloni wa Wajerumani na Wabelgiji ni mzazi halisi wa mengi yaliyofuata, na kuutaja ni kuongeza elimu. Unapotajwa ili waliotenda 1972 au 1993 waonekane hawakuchagua wenyewe, hapo tu ndipo maandishi ya watoto yanapobadilishwa kwa kisingizio cha mzazi.

Ugumu halisi wa Burundi ni wa muungano. Kuna mapokezi mawili ya maumivu, kila moja na wapokezi wake waaminifu, na kishawishi cha kila utawala ni kuunyoosha mstari: kulichukua moja, kulipanga upya juu ya lingine, na kuondoa alama kwamba yalikuwa mawili. Komiti ya muungano hufanya kinyume. Ina mistari miwili ya parent. Msomaji anayerudi nyuma kutoka hapo anaweza kupita njia yoyote kati ya hizo mbili na kufika, na hakuna njia inayodai kuwa ilikuwa peke yake. Historia ya namna hiyo haipendezi machoni. Mchoro wake una mafundo na kona. Wapo waandishi wa programu wanaopenda rebase kwa sababu ya unyoofu wa mstari wake, na katika kazi ya mtu mmoja wana hoja. Katika kazi ya wengi, fundo ni ushahidi.

Linabaki lile linalopaswa kuondolewa kweli. Neno la siri, namba ya simu ya mgonjwa, jina la shahidi ambaye akijulikana atadhurika: haya hayalindwi na hoja ya uaminifu kwa yaliyopita, maana kuyaacha ni kuendelea kumdhuru mtu aliye hai. Bashingantahe, wazee waamuzi wa vilima vya Burundi, hupima neno kabla ya kulitoa mbele ya watu kwa sababu hiyohiyo. Katika Git kazi hiyo hufanywa siku hizi kwa git filter-repo. Mwongozo wa Git wenyewe humwonya mtumiaji dhidi ya filter-branch ya zamani, ambayo pamoja na mengine huacha nakala ya historia ya awali chini ya refs/original bila wengi kujua. GitHub huelekeza kwamba neno la siri libatilishwe kwanza, kabla ya kufuta chochote, kwa kuwa komiti ya zamani bado inaweza kufikiwa kwa heshi yake na imo katika nakala za watu wengine.

Kisha wapokeaji wote huarifiwa, kwa majina, kabla ya kusukuma. Kila mmoja huambiwa heshi ya mwisho ya zamani na ya mwisho mpya, na huhamisha kazi yake mwenyewe kwa rebase --onto, au huifuta nakala yake na kuchukua nyingine. Badala ya --force, anayesukuma hutumia --force-with-lease, ambayo hukataa kuandika juu ya kazi ya mwenzake iliyoingia bila yeye kuiona. Katika kila kompyuta iliyofanyiwa hivyo, komiti isiyo na tawi hubaki katika reflog kwa siku 30, ndipo inapoweza kusafishwa. Muda huo hauanzi kuhesabiwa katika nakala ya mtu ambaye hakuarifiwa: tawi lake bado linaielekea komiti ya zamani, na Git haifuti kamwe kitu chenye tawi linalokielekea.